Mrudishe Avneet Kwenye Kaunta

Kitale,
Jumapili, nimetoka kanisani sasa hivi

Kwako Gita, Mama Sachin, mwenzangu wa tangu veranda,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Natumaini sukari yako imetulia, na kwamba umeacha kujiongezea vijiko vya sukari kwenye chai ukidhani hakuna anayekuona. Macho je? Rahab aliniambia alikupungia mkono pale Bungoma ukamtazama kama mti. Nunua miwani bana, pesa unazo. Mimi huku ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, lakini mguu bado unakanyaga cherehani, basi nikilalamika nitakuwa namkosea Mungu. Mahindi yamebeba. Rahab, mjukuu wangu, ndiye anayekuletea barua hii pamoja na gunia dogo la maharagwe na parachichi. Kuku sikuweka kwa sababu najua kwenu hamli. Usimwache msichana aondoke na njaa.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Naandika kwa sababu simu wewe huikata ukiudhika. Barua huwezi kuikata. Kama macho yamekataa, mpe Sachin akusomee, tena asome yote, asiruke mahali. Mwandiko wangu unaujua, shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo msinicheke.

Ninalotaka ni moja na nalisema mapema ili usilitafute: nataka umrudishe Avneet kwenye kaunta.

Usikunje uso. Nisikilize kwanza.

Naanza na asante, kwa sababu watu watasema mimi najua kugomba tu. Nilipotoka Misikhu na cherehani ya mkono kichwani, hakuna mwenye duka aliyetaka kuniona mbele ya mlango wake. Wewe ulikuwa bibi harusi mpya, Kiswahili chenyewe ulikuwa unakivunja kama kuni, lakini ulimwambia mzee wako aniache nikae verandani. Ulisema mteja akinunua kitambaa ndani, akitoka nje akutane na fundi. Hukunidai kodi ya veranda hata siku moja. Nimeshonea pale watoto wa nusu ya Bungoma mpaka mume wangu alipopata shamba huku Kitale, na hata baada ya kuhama nilikuja kununua kwako. Na kila ukinipimia kitambaa, ukifika mwisho unasogeza kidole mbele kidogo, ndipo unakata. Nyongeza ya Rosaline. Hatukuandikiana kitu chochote. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba kwa duka la Gita mimi siandikiwi risiti, risiti ni ya watu wasiojuana.

Ndiyo maana ile siku iliniuma vile iliniuma. Wewe ulikuwa nyuma kwa stoo. Avneet, mke wa mwanao, ndiye alikuwa mbele, na duka limejaa wale wamama wa Kimilili wanaonunua vitambaa vya harusi. Akanikatia ile jora ya rangi ya samawati nzito ya sketi za shule, akaikunja vizuri, kisha akaniomba nambari yangu ya PIN ya KRA, ile ya mlipa kodi, aiandike kwa risiti. Aliomba kwa adabu, hilo siwezi kukana. Lakini mimi nilisikia kana kwamba ameniuliza mimi ni nani. Nikamwambia nambari yangu ni huu uso, na kama haujui akamuulize mama mkwe wake. Akasema pole pole kwamba itanisaidia. Nikamwambia wakati mimi naingia duka hili mama yake alikuwa bado hajapata meno ya kumtafunia. Mmoja wa wale wamama akacheka, akasema kumbe hata Mama wa Kitale siku hizi anaandikwa kama sisi. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Nikaacha jora pale kwenye kaunta, makasi bado yako juu yake, nikatoka. Ulinifuata mpaka mlangoni ukiniita. Sikugeuka.

Baada ya hapo ukanitumia salamu kwamba umemtoa Avneet mbele, umempeleka nyuma kukunja vitambaa, na Sachin ndiye yuko kwenye kaunta, kwa hivyo nirudi. Sitakudanganya, Gita. Nilifurahi. Niliwaambia wasichana wangu wa cherehani kwamba mmeona sasa mimi ni nani Bungoma. Na pamoja na furaha hiyo yote, sikurudi. Kiburi kikishapewa kiti hakiinuki haraka.

Nikaanza kununua kwa Ndung'u hapa sokoni. Ndung'u si mwizi, usimfikirie vibaya. Ni mtu wa biashara ndogo tu, anauza jora mbili tatu, bei yake iko chini, na ukimwuliza risiti anacheka. Nikamsifu kila mahali. Nikasema huyu ndiye anajua kuishi na watu.

Sasa mwaka huo huo Mungu akanifungulia. Shule moja ya bweni upande wa Kachibora ikanipa sare zote, sketi, suruali na sweta. Zingine mbili zikafuata. Rahab akajumlisha mauzo akaniambia, Kukhu, nyanya yangu, kwa mwaka tumepita milioni tano, na mtu akifika hapo sheria inamtaka ajiandikishe kwa VAT. Nikamwambia mimi kodi nalipa kama watu wengine, hiyo nyingine ni ya nini. Lakini moyoni nilivimba. Milioni tano, mimi wa darasa la nne! Akaniandikisha. Nikatangaza kwa kina mama wa kanisa. Nilitaka hata mchoraji aiandike kwenye kibao nje, herufi kubwa, kwamba hapa kuna VAT, kama vile wengine wanavyoandika hapa kuna maji baridi.

Kujiandikisha nilijiandikisha, ila kuelewa sikuelewa. Na wa kuuliza sikuuliza, kwa sababu mtu aliyetangaza hivyo kanisani atauliza vipi?

Nilidhani VAT ni kodi yangu mimi, ya kukata ngozi yangu. Kwa hivyo nikasema sitawabebesha wazazi wa watoto. Nikamwambia mhasibu wa ile shule kwamba bei yangu ni ile ile, siongezi hata senti. Yule mtu aliandika haraka sana, na tabasamu juu, na mimi nikadhani ananipenda. Shule zikafungwa, cherehani zikalala, hatukuuza hata kitufe, basi nikaona na kodi nayo imelala. Hatukupeleka ripoti yoyote kwa KRA miezi hiyo. Kitambaa nacho ni cha Ndung'u, risiti hakuna.

Halafu ujumbe ukaanza kuingia kwa simu. Kodi ya miezi ile tuliyouza. Faini ya miezi ile tuliyonyamaza. Rahab alisoma, akasoma tena. Nilipoona anasoma mara ya pili nikajua mambo si mazuri. Tulipiga hesabu nikaona ni lazima niuze cherehani mbili kati ya zile nne za umeme. Na nikiuza mbili, wasichana wawili wanaenda nyumbani, na sare za Kachibora hazitaisha kwa wakati, na shule itatafuta fundi mwingine. Gita, nilikuwa nimeshamwita mtu wa kuja kuzitazama.

Siku hiyo mtu huyo akiwa bado hajafika, mimi nimesimama nje nagombana na simu, nikiiambia kwamba nimeshona tangu haijazaliwa, ndipo akaja mtu mwingine. Huyo nitamtaja mbele, usiharakishe, na Sachin usiruke. Nitamwita mwalimu. Alinisalimu, nikamjibu vibaya. Akauliza ni nini kinanigombanisha na simu. Nikamtupia hiyo simu aone mwenyewe.

Aliangalia, akaomba kiti. Halafu hakuanza na maneno ya ofisini. Aliangalia meza yangu, akaona kitambaa cha mama mmoja wa maombi, ameniletea nimshonee gauni, kimekunjwa na jina lake juu. Akaniuliza kitambaa hiki ni cha nani. Nikamwambia si unaona jina. Akauliza, na kikibaki kipande? Nikamwambia kipande ni chake, mimi si kama mafundi wengine wanaojishonea blauzi na mabaki ya watu. Akasema basi VAT ni hiyo hiyo. Ni kitambaa cha mteja kilicholazwa kwako. Mteja anakupa kumi na sita juu ya kila mia, si zako, ni za serikali, wewe umewekewa tu uzipeleke kabla ya tarehe ishirini ya mwezi unaofuata. Ukizila umejishonea blauzi.

Gita, niliketi chini. Wamekuwa wakisema VAT redioni miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuniambia kwa lugha ya fundi.

Nikamuuliza, sasa kama sikumwomba mteja hizo kumi na sita? Akasema kwa KRA zinahesabiwa kwamba ziko ndani ya bei uliyokubali, kwa hivyo umezitoa kwa mfuko wako. Nikamkumbuka yule mhasibu na tabasamu lake.

Kisha akaniambia jambo la pili, na hili ndilo lilinichoma. Alisema ninaponunua kitambaa kwa duka lililojiandikisha, kama la elfu moja, naongezewa mia na sitini, na duka linazipeleka. Nikishona nikauza sketi za elfu mbili, nakusanya mia tatu na ishirini. Lakini sipeleki zote. Natoa zile mia na sitini nilizokwisha kulipa dukani, napeleka zilizobaki. Nikaruka kwa kiti. Nikamwambia basi nitoe, si nimenunua vitambaa mwaka mzima! Akauliza risiti ziko wapi, zenye PIN yangu, zile zinazoingia kwa mtambo wa KRA. Bila hizo hakuna cha kutoa. Kitambaa cha Ndung'u kilikuwa rahisi sokoni tu. Kilipofika kwa hesabu ya kodi kilikuwa ghali kuliko cha duka lako.

Umeelewa sasa nilichoelewa? Ile nambari Avneet aliyoniomba mbele ya wamama wa Kimilili haikuwa ya duka lako. Ilikuwa yangu. Msichana alikuwa ananiwekea changu, na mimi nikamtukana mpaka meno ya mama yake.

Mwalimu akamwambia yule mnunuzi wa cherehani, alipofika, kwamba leo hatuuzi. Hakuniuliza mimi. Wakakaa na Rahab wakapeleka ripoti zote zilizokuwa nyuma. Hata ile miezi mitupu waliandika sifuri wakaipeleka, kwa sababu kumbe hata kama hukuuza kitu, ukishajiandikisha ni lazima useme sijauza. Kunyamaza ndiko kosa. Halafu tukaenda ofisi ya kodi tukaomba kulipa deni kidogo kidogo, tukakubaliwa. Cherehani zote nne ziko hapa. Naandika nikizisikia zikilia ndani ya kichwa changu ingawa leo ni Jumapili na zimefunikwa. Wasichana wote wako kazini. Na kwa muhula huu mpya nilienda kwa yule mhasibu, nikamwekea bei, na VAT chini yake, mstari wake peke yake. Alikuna kichwa. Nikamwambia mwanangu, kuna kitambaa kimelazwa kwangu, siwezi kukila kwa ajili ya tabasamu lako. Akatia sahihi.

Wacha nikuchekeshe kidogo. Wakonyo, yule jirani yangu wa chapati, alisikia tunaongea habari ya kumi na sita. Kesho yake chapati ikapanda bei, anawaambia watu ati ni VAT. Mwalimu alipokuja tena alimfuata mpaka kwa jiko lake, akamweleza kwamba mauzo yake hayajafika kiwango, hajajiandikisha, na mtu ambaye hajajiandikisha hana ruhusa kuwatoza watu VAT, hata kama unga umepanda. Wakonyo akauliza kwa nini Rosaline anaruhusiwa na yeye hapana. Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu wewe unajua ni kitu adimu. Chapati imerudi bei ya zamani, lakini zangu sasa anazikata ndogo.

Mwalimu huyo amekuwa akija kila mwezi kabla ya ile tarehe ishirini. Pesa hapokei. Chai anakunywa, anapenda tangawizi nyingi. Siku hizi hata Rahab anaweza kupeleka ripoti peke yake, lakini bado anakuja, anasema anapenda kelele za cherehani na watu wanaoingia na kutoka.

Sasa Gita, kaa vizuri.

Ni Avneet.

Wewe unajua anakuja Kitale kumwona shangazi yake. Ni kweli, hajakudanganya. Anamwona shangazi, anakunywa chai yake huko, halafu anavuka barabara anakuja kwangu. Hakukwambia kwa sababu aliogopa utasema anaenda kuninyenyekea nyuma yako, au anatoa siri za duka. Mimi aliniomba nisikutajie. Nimevunja ahadi hiyo leo na sijutii, nitamwomba msamaha mwenyewe.

Hata hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Juma lililopita Rahab alimsindikiza mpaka steji ya matatu. Njiani akamuuliza, kwani wewe unamsaidia nyanya yangu kwa nini na alikutukana mbele ya watu? Ndipo Avneet akamwambia. Ile siku ya kwanza alikuwa amekuja kuniomba kitu. Alikuja kuniomba nizungumze nawe umrudishe kwenye kaunta. Alisema kazi ya mbele aliipenda, kuongea na wateja, kujua nani anaoza binti na nani ana msiba kwa rangi ya kitambaa anachotafuta. Alisema huko nyuma kwa stoo kuna taa moja na hakuna mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Alikuwa ameyapanga maneno yake yote. Alipofika akanikuta nagombana na simu, akaona haya kuomba. Na alipokwisha kunisaidia, akaona akiomba itakuwa kama ananidai malipo. Basi akanyamaza. Miezi yote hiyo amekaa mbele yangu, anakunywa tangawizi yangu, na ombi lake liko mdomoni. Na mimi, ninayemuuliza kila mpita njia ametoka wapi na anaenda kwa nani, yeye sikumuuliza hata siku moja ulikuja kwa nini, mwanangu.

Rahab aliponiambia sikula chakula cha jioni.

Na wewe nikusemeshe kidogo, kwa sababu nikikusifu tu utavimba. Wewe VAT unaijua tangu zamani, duka lako ni kubwa. Ulijua ile nambari ni ya faida yangu. Ulijua msichana hana kosa. Lakini ukamwondoa ili mimi nisinune. Upendo huo ni mkubwa, Gita, na nakushukuru kwa huo upendo, sijapata dada wa tumbo moja aliyenifanyia hivyo. Lakini ulinipa zawadi kutoka kwa mfuko wa mtu mwingine. Ungenifuata mpaka barabarani ukaniambia, Rosaline, wewe ni mjinga, rudi utoe nambari. Ningekasirika juma moja tu. Wewe ndiye mtu pekee Bungoma nzima anayeweza kuniita mjinga nikarudi kesho yake.

Basi nakuja. Jumanne, siku ya soko, nitakuwa dukani kwako kabla jua halijawa kali. Nahitaji jora za samawati nzito za muhula mpya, na za kijivu pia. PIN yangu nimeikariri yote, herufi ya mbele mpaka herufi ya nyuma, kama nilivyokariri mistari ya kipaimara. Nitaitaja kwa sauti. Wale wamama wa Kimilili kama wapo, vizuri sana, wasikie. Lakini nitamtajia Avneet, mtu mwingine simtajii. Nikikuta mwingine kwenye kaunta nitangoja kitambaa kikatwe, kikunjwe vizuri, kisha nitakiacha pale pale na makasi juu yake, na safari hii hata ukinifuata mpaka Webuye sigeuki.

Na nyongeza yangu usiniambie ati siku hizi kuna mtambo. Risiti ni ya KRA. Kidole chako ni changu.

Nisalimie nyumba yote, na shangazi wa Avneet mkiongea naye kwa simu mwambie ana mtoto mzuri. Meza dawa zako. Mungu akuweke mpaka Jumanne na baada ya Jumanne. Asante kwa veranda, asante kwa kila kipande ulichokata zaidi, na asante kwa kumleta nyumbani kwako msichana huyo hata kama hukujua umeleta nini.

Na Sachin, najua ni wewe unayesoma. Umesoma vizuri. Sasa inuka hapo, mpishe mke wako.

Ni mimi fundi wenu wa verandani,
Rosaline Nakhungu